Nafasi ya Kukua

Mzazi akileta mtoto ashonewe nguo, fundi huyu hakati kitambaa mpaka aulize, “Tuache nafasi ya kukua?” Huuliza pini zikiwa mdomoni, na mumewe keshalizoea swali hilo kama mlio wa cherehani. Leo anamkatia binti yao gauni la kufungukia mbele, asije akainua mikono kidonda kikiwa kibichi. Kesho asubuhi mtoto anapasuliwa moyo. Usingizi umeihama nyumba. Mume ameshika pembe ya kitambaa, amechoka hata kuomba. Mkasi unapanuka, unasita. Fundi anazitemea pini zote kiganjani.

“Baba yake, tuache nafasi ya kukua?”

Mume anakinyoosha kitambaa.

“Iache, mama. Tena iache kubwa.”