Mishale ya Ghala la Kanga

Mume wangu alikuja Dar es Salaam na upinde begani, na upinde huo ndio uliompa kazi. Miaka ile ya hamsini walinzi wengi wa maghala ya Kariakoo walikuwa watu wa bara, na tajiri akimwona mtu ana upinde na podo lenye mishale, hakuuliza mengi. Tajiri wa mume wangu alikuwa Banyani aliyeuza kanga kwa jumla, mtu wa sauti ya chini. Aliweka gunzi la hindi juu ya gunia, mume wangu akalipiga mara moja, basi, akaanza kazi siku ile ile.

Mimi ni mzaliwa wa hapa hapa. Niliuza bizari sokoni, na mambo ya mishale kwetu hayakuwapo. Nilivyojua mimi, mshale ni kijiti chenye ncha. Ilipoingia masika ya kwanza ya ndoa yetu ndipo nilipoanza kuona mume wangu hana raha.

Kwao ni nchi kavu. Mkia wa mshale, pale panapokatwa pengo la kukalia upote, kamba ya upinde, hufungwa kwa kano za ng'ombe zikiwa mbichi, nazo zikikauka zinabana kama chuma. Hapa kwetu unyevu uliziingia. Akifunga leo, kesho zimelegea kama tambi za kuchemsha. Alikuwa akirudi kutoka lindoni asubuhi, badala ya kulala anakaa uwani na podo mapajani, anabonyeza mikia ya mishale kwa kucha, mmoja mmoja, anaguna.

Siku moja mvua ilipopumzika tulishuka wote bonde la Jangwani akaijaribu mishale. Alivuta upinde, nikasikia kitu kimepasuka. Mshale haukwenda popote. Ulianguka miguuni pake umechanika mkia vipande viwili, na kibanzi kimezama kwenye nyama ya mkono wake wa kushoto, chini ya kidole gumba. Alikichomoa kwa meno. Damu ilikuwa inamtiririka mpaka kwenye kiwiko, naye macho yako kwenye mshale tu.

"Twende hospitali," nikamwambia.

"Hili lingenikuta kazini," akasema, "ningeuawa mimi, au ningemuua mtu asiyehusika."

Mkono ulivimba, ukapona, lakini imani haikumrudia. Mchana akilala alikuwa akishtuka, vidole vinashika hewa. Mishale mizima aliyotoka nayo kwao ilikuwa imepungua, akakata matete ya bondeni kutengeneza mingine, nayo ilikuwa myepesi mno. Ikirushwa inatikisa mkia, upepo mdogo tu unaipeleka pembeni. Akaitia vyembe, ncha nzito za chuma, ikawa inainama njiani na kuchoma ardhi.

"Nifundishe, nikusaidie," nikamwambia siku moja.

Akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu masika yaanze. "Kwetu mwanamke hagusi mshale."

"Kwenu ni kwenu. Hapa Kariakoo."

Tukaanza hivyo. Nilileta mizani yangu ya bizari, ile ya sahani mbili. Tulichukua mshale mmoja mzuri wa kwao, tukaulaza sahani hii, na wa tete sahani ile. Wa tete ukiwa mwepesi, nazungusha waya mwembamba wa shaba nyuma ya chembe, duru baada ya duru, mpaka sahani zinatulia sawa. Ukizidi, napunguza. Kisha yeye anaupima juu ya kidole, aone uzito umekaa mbele kiasi anachotaka. Mkia nao tulibadilisha. Ndani ya tundu la tete alipigilia kijiti kigumu cha mpingo, akakata pengo humo, nami nikafunga chini yake kwa uzi wa kushonea viatu nilioupaka nta. Nilivuta uzi mpaka ukanikata vidole. Mikono ikawa inaniuma nikichota bizari, pilipili inaingia kwenye vidonda, lakini nilikuwa na furaha ya namna fulani. Tulirudi Jangwani, mishale ikaenda mahali alipotazama.

Nilidhani mashaka yamekwisha.

Jumapili moja mchana, maduka yamefungwa na zamu yake ikiwa ya mchana, mume wangu alirudi nyumbani mapema na podo limejaa. Akaingia chumbani bila salamu. Muda si muda tajiri wake akabisha hodi, mwenyewe, akabaki amesimama barazani.

"Mama," akaniambia, "mumeo upinde anao, mishale anayo. Mwizi kapita mbele ya macho yake na robota la kanga. Mimi nifanyeje?"

Mume wangu akajibu kutoka ndani, "Ni kweli, mzee." Kazi ikaisha hapo.

Majirani wakasema mishale ya matete imemwangusha, tena iliyofungwa na mwanamke. Aliwaacha waseme. Mimi nilipandwa na hasira, nikaimwaga yote mkekani nikaikagua. Hakuna uzi uliolegea, hakuna pengo lililopasuka. Nikamwendea uwani.

"Mishale mizima. Kwa nini hukupiga?"

"Yule mwizi alikuwa ameruka ukuta akaumia mguu," akasema. "Akawa anaukokota, robota kichwani. Nikavuta. Akageuka akaniona. Hakukimbia, hakuweza. Akasema, 'Ndugu yangu.' Lafudhi ya kwetu."

"Ukaogopa mshale utapasuka?"

"Hapana. Tangu masika nilikuwa naogopa utakosa. Pale nilijua haukosi."

Nilimhurumia, na papo hapo nilimkasirikia kwa kutukosesha riziki, na hayo mawili hayakutaka kutengana. Tuliishi kwa bizari yangu mpaka alipopata kazi ya kubeba mizigo sokoni, kazi iliyomwinamisha mgongo kabla ya wakati. Mkono wa kushoto ulikuwa ukimkamata siku za baridi.

Tajiri alipata mlinzi mwingine, akatuma mtu aulize kama mishale inauzwa. Mume wangu alikataa. Jioni ile nikamuuliza lile lililonikaa rohoni: angekuwa yule mwizi anaingia chumbani kwetu, angempiga?

Alichukua debe akaenda bombani kuchota maji. Nilisikia akipokezana salamu na wanawake waliokuwa kwenye foleni, sauti yake ya kawaida kabisa. Alirudi, akayamimina kwenye pipa, akalifunika, na hakunijibu siku ile wala siku nyingine.