Jibu Lililokuwa Nje ya Kioo

Nakumbuka siku ile uwanjani mwa shule, mwanangu. Matokeo ya mwaka yalikuwa yakisomwa kwa sauti mbele ya wazazi, kama ilivyo desturi yetu hapa Bujumbura. Baba, fundi magari wa Buyenzi, alikuwa ameshasema: nikirudia darasa, shule basi, nikauze ndagala, wale dagaa wa ziwani, na shangazi kule Ruziba.

Nami nilikuwa nimejiponza. Mjomba aliniletea kutoka Ulaya kikokotoo cha kuchora grafu, nikaringa nacho kama bibi harusi. Mtihanini tulipewa mlinganyo: x mraba, toa 15x, jumlisha 26, ni sawa na sifuri. Wenzangu walihangaika na kalamu, mimi nikabonyeza. Mchoro ukashuka, ukakata mstari kwenye 2, ukapotelea chini. Nikaandika 2, nikawa wa kwanza kutoka chumbani. Kumbe kioo changu kiliishia 10, na jibu la pili, 13, lilikuwa ng'ambo yake. Maswali mengine nayo niliyajibu vivyo hivyo.

Jina langu likasomwa. "Repeshaji, hesabu!" Yaani nirudie mtihani baada ya likizo, na nikianguka tena, ndipo nirudie darasa. Magoti yalinilegea. Baba alinishika mkono, tukaondoka. Tulipofika gereji yake ndipo aliponiuliza kilichotokea, nikamweleza yote huku nalia.

"We mutoto," akasema, "mi nikifungua kapo ya gari, naona tu moteri. Sasa niseme gari haina mapine, magurudumu ya nyuma? Apana! Nazunguka, naangalia."

Akakifungia kikokotoo kwenye sanduku la spana. Likizo nzima nilikokotoa kwa mkono, usingizi ukinipaa. Siku ya mtihani kila jibu nililirudisha ndani ya mlinganyo kulijaribu. Nikapita, kwa shida.

Sasa wewe mwanangu una simu inayotatua mlinganyo kabla hujamaliza kuusoma, na naogopa tena, safari hii kwa ajili yako. Itumie, sikukatazi. Ila kwanza jiulize majibu yanaweza kuwa mangapi. Panua kioo, zunguka, angalia, kisha jaribu kila jibu kwa mkono wako mwenyewe. Haraka haraka haina baraka, nami niliionja.

Mungu akupe macho ya kuona hata kisichoonyeshwa, na siku jina lako litakaposomwa mbele ya watu, magoti yako yasimame.