Tangi la Karani

Dobi hakuwahi kumwambia mteja asubiri. Kwa miaka thelathini na minne ya kufua na kupiga pasi, mtu akibisha mlango wa chumba cha mbele, Dobi huacha alichoshika, hata kama ni tonge lililokwisha fika mdomoni, akaenda kumpa nguo zake. Mkewe alizikwa Jumatano. Ijumaa asubuhi mlango ulikuwa wazi na pasi imewashwa, na mtu wa kwanza aliyekuja kumpa pole aliondoka na mashati yake manne.

"Kazi ya Mungu haina makosa," mtu yule alimwambia.

"Haina," Dobi akajibu, kisha akamwonyesha kifungo kilicholegea.

Wapo waliosema ana moyo wa jiwe, na wapo waliosema ana imani. Ukweli ni kwamba alikuwa amekufa ganzi. Ijumaa hiyohiyo aliligusa bamba la pasi kwa kidole na hakujua mpaka aliposikia harufu. Sala alisali zote, hakuruka hata moja, lakini midomo ilikwenda kama ya mtu anayehesabu soksi. Mungu hupokea hata sala kavu. Asingepokea, wafiwa wangebaki bila pa kushika. Jioni alizitoa nguo za mkewe kabatini, akazifua, akazipiga pasi, akazibandika tiketi kama za mteja yeyote, akaziweka kwenye rafu ya nguo zinazosubiri wenyewe. Dada yake mkubwa alizikuta hapo kesho yake. Akasoma tiketi, akaziacha zilivyo.

Marehemu mtaa mzima ulimwita Karani. Hakuwahi kukaa ofisini hata siku moja; kazi yake ilikuwa kushona sare za shule. Ila kila kitu alikiandika: nguo iliyoingia, doa lililokuja nalo, nani alikopa ndoo na akairudisha bila mfuniko. Dobi mwenyewe aliandika alama tu, ndani ya kola, kwa penseli ya dobi isiyofutika. Maneno yalikuwa ya Karani.

Mwaka wake wa mwisho alikuwa akienda hospitali mara mbili kwa wiki kusafishwa damu, kwa kuwa figo zilikuwa zimechoka. Katika ukumbi wa kusubiri kulikuwa na tangi la kioo la maji ya chumvi, na ndani yake samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe, wale wanaoitwa klauni. Walikuwa wakiishi ndani ya anemoni, mnyama laini anayefanana na ua, mwenye vidole mia vinavyocheza majini. Karani alikuwa akivuta kiti karibu na kioo.

"Ona," alimwambia mumewe. "Samaki mwingine akimgusa anachomwa kama kaguswa na upupu. Hawa wanalala humo humo."

"Chanda na pete," Dobi akasema.

"Kama wewe na pasi yako. Nani mwingine angeivumilia?"

Ndipo akaamua kutengeneza tangi lake. Fundi wa vioo alimuungia la lita mia na ishirini. Akanunua mchanga, pampu, hita na mfuko wa chumvi maalumu, maana ya jikoni haifai. Kisha akafungua daftari jipya na kuandika yote aliyoambiwa na muuza samaki wa mapambo: namna ya kuosha mchanga, namna ya kuchanganya chumvi, hita iwekwe nyuzi ngapi, wangojee wiki ngapi. Alijaza kurasa sita. Kabla ya ukurasa wa saba akalazwa.

Jioni moja pale wodini alimshika mumewe mkono. "Nikirudi nataka niwakute samaki wamo ndani ya ua lao."

"Utawakuta," Dobi akamuahidi.

Hakurudi. Lakini ahadi ilikuwa imeshatoka, na ndiyo pekee aliyobaki nayo. Wiki moja baada ya mazishi, Dobi alifungua daftari ukurasa wa kwanza na kuanza kuosha mchanga.

Aliufuata ukurasa baada ya ukurasa kama mtu anayepanda ngazi gizani. Mchanga aliuosha maji kumi na moja. Chumvi aliikoroga kwenye ndoo, akaipima kwa kijisanduku cha plastiki chenye sindano inayoelea. Sindano ikisimama kwenye rangi ya kijani, maji ni kama ya bahari. Akayamimina, akawasha pampu, akafunika tangi kwa kioo. Ukurasa wa nne ulisema maji yaachwe wiki sita bila samaki, yaive, vijidudu vizuri vizaliwe kwenye mawe. Basi kwa wiki sita tangi likangurumia maji matupu katika kona ya chumba cha mbele.

"Mdogo wangu," dada yake akamwambia, "watu wanafuga kuku, watu wanafuga ng'ombe. Wewe unafuga maji."

"Yanaiva."

"Yakiiva uniite nije na sahani."

Binti yake, ambaye ameolewa na anafundisha shule mtaa wa pili, alicheka mpaka akafuta macho. Dobi alitazama vinywa vyao vinavyocheka, akarudi kwenye suruali aliyokuwa akiipiga pasi. Alikumbuka kwamba mambo kama hayo huchekesha.

Wiki ya saba samaki wakaingia, wawili, mmoja mkubwa na mmoja mdogo, ndio hao Karani aliowachagua kwa mkono wake dukani kabla hajalazwa. Miezi minne baadaye, kama ukurasa wa sita ulivyoagiza, akaingia anemoni. Muuza samaki alikuja naye mwenyewe katika mfuko wa maji. Ni mtu wa makamo, miwani yake imeungwa kwa gundi. Akafunga taa kubwa juu ya tangi.

"Mzee wangu, kile kioo cha juu sasa kiondoe. Huyu anataka mwanga, na wote wanataka hewa."

Dobi akakiondoa. Huo ndio ulikuwa mwisho wa ukurasa wa sita.

Samaki hawakumtazama yule anemoni. Walikuwa wamezoea kulala ubavuni mwa hita, na hapo wakabaki.

"Umewajengea sebule," dada yake akasema, "wao wanalala jikoni. Wamechukua tabia za nani hawa?"

Lipo jambo jingine lililokuja na kioo kile kuondoka. Maji yakaanza kupungua. Kila asubuhi yalikuwa chini ya mstari aliouchora Karani kwa kalamu nyekundu, karibu lita nzima. Dobi akapindua ukurasa wa saba kutafuta la kufanya. Ulikuwa mweupe. Akafikiri mwenyewe: kilichopungua ni maji ya chumvi, basi kirudishwe kilekile. Kila asubuhi kabla ya kufungua mlango akakoroga chumvi kwenye ndoo, akapima, sindano ikasimama kwenye kijani, akamimina mpaka kwenye mstari. Hakukosa siku hata moja. Ilikuwa ndiyo kazi anayoifanya vizuri kuliko zote.

Wiki ya tatu anemoni akasinyaa. Vidole vilijikunja vikawa kama zabibu kavu, na mdomo wake, ulio katikati, ukabaki wazi. Dobi aliingiza mkono kumweka sawa kwenye jiwe. Kesho yake kiganja kilikuwa na vipele mpaka kwenye kifundo. Hakusikia kuwashwa. Ngozi ilijua, yeye hakujua.

Binti yake alimwita muuza samaki. Yule mtu aliinama mbele ya kioo muda mrefu.

"Chumvi unapima?"

"Kila siku," Dobi akasema. "Iko kwenye kijani."

"Joto?"

"Ishirini na sita."

Yule mtu akavua miwani. "Basi sijui, mzee. Ila nikwambie ukweli, huyu akifa humo ndani ataoza, na akioza ndani ya saa chache ataua na hao wawili. Kama mpaka kesho mchana hajajifumba mdomo, mtoe. Au nije niwachukue wote nirudi nao dukani. Sitakudai kitu, wala hutaonekana umeshindwa."

Alipoondoka, binti alikaa kwenye kiti cha wateja. "Baba, mwache awachukue."

"Nilimwambia atawakuta."

"Baba, mama hayupo tena."

"Najua. Nilikuwepo."

Alisema hivyo kwa sauti ileile anayowaambia watu suruali yao itakuwa tayari lini. Binti akatazama rafu, akaiona tiketi ya nguo za mama yake, akatazama chini. Dada yake Dobi akaingilia kutoka mlangoni. "Mwacheni. Kesho mchana haijafika. Tusali tukalale."

Wakasali wote watatu wamesimama kando ya tangi. Dada ndiye aliyeomba, na aliomba mengi, mpaka anemoni akatajwa kwa jina. Dobi akasema amina mahali pake.

Asubuhi mdomo wa anemoni ulikuwa bado wazi. Dobi alikoroga ndoo yake, akapima, kijani, akaiweka chini ili kwanza amalize koti jeusi la mteja wa saa tano. Akaishusha pasi ya mvuke juu ya bega la koti. Pasi ikakohoa, ikatema vumbi jeupe.

Alilipangusa koti kwa kitambaa cha maji, akajaribu tena kwenye kitambaa kibovu. Ikatema tena, vipande kama magamba. Alijua ni nini, dobi gani asiyejua? Ni chokaa. Pasi ya mvuke haitiwi maji ya bomba, hutiwa maji ya betri, ambayo hayana kitu ndani. Karani ndiye aliyekuwa akiyanunua. Chupa ya mwisho ilikwisha muda mrefu, na tangu hapo Dobi alikuwa akijaza bombani bila hata kufikiri. Akaizima pasi, akaingoja ipoe, akaipindua juu ya beseni. Vikaanguka vipande vyeupe, kiganja kizima.

Akasimama akivitazama. Yale maji yote ya miezi yote yalikuwa yameshatoka yakiwa mvuke, yamepotelea dirishani. Chokaa haikwenda popote. Ilibaki humo ndani, na kila alipojaza ilikuja nyingine juu yake.

Akainua macho kwenye tangi. Ukingoni juu, kuzunguka kioo chote, kulikuwa na mstari mweupe. Aliupitishia kidole, akauonja. Ilikuwa chumvi.

Kwa wiki tatu alikuwa amepima ndoo. Tangi lenyewe hakulipima hata mara moja. Akachukua kijisanduku, akakizamisha tangini, akakitoa. Sindano ilipita kijani, ikapita nyekundu, ikagonga juu kabisa.

Alimpigia muuza samaki simu. "Nilikuwa naongeza chumvi juu ya chumvi," akasema.

"Kila siku?"

"Kila siku. Bila kukosa."

"Ah, mzee wangu. Maji ndiyo yanayoondoka, chumvi inabaki. Sikufikiria hata kukuuliza. Sasa sikiliza, usishushe kwa pupa, utawaua kwa wema. Chota jagi, rudisha jagi la maji matupu yaliyochujwa. Kidogo asubuhi, kidogo jioni, siku nne tano."

"Na kumtoa?"

"Kama ameshika jiwe, mwache. Kama ameachia, mtoe."

Dobi akaingiza mkono, akamsukuma kwa ncha ya kidole. Mguu wa anemoni ulikuwa umeshika jiwe, si kwa nguvu, lakini umeshika. Akamwacha. Mchana ukapita.

Akachota jagi, akarudisha jagi. Binti alikuja akimletea maji yaliyochujwa kwenye madumu. Dada alikuja na maneno. "Kwa hiyo muda wote huu ulikuwa unawapikia mchuzi? Na mimi nasema mbona hawaji mezani."

"Nilidhani nawatunza."

"Ulikuwa unawatunza," dada akasema, taratibu kidogo. "Ila ulikuwa unatunza ndoo."

Siku ya tatu mdomo ukafumba. Siku ya tano vidole vikaanza kunyooka, kimoja kimoja, vyepesi na vimefifia rangi. Dobi alitazama kila asubuhi, akapima tangi, akaenda kazini kwake, hatua nne. Hakusikia furaha, wala hakuitafuta.

Siku ya kumi na moja, Jumanne, alikuwa akikunja mashuka. Alipogeuka, samaki mkubwa hakuwa kwenye hita. Alikuwa mbele ya anemoni, akimgusa kwa mkia na kurudi nyuma, akimgusa na kurudi, kama mtu anayejaribu maji ya kuoga. Kisha akageuza ubavu, akazama katikati ya vidole, akajipangusa huku na huku. Yule mdogo akaja nyuma yake, akasita, akaingia. Vikabaki vichwa viwili vya rangi ya chungwa vinavyochungulia nje.

Dobi akaligeukia pazia la chumba cha ndani. "Karani," akaita, "njoo uone."

Sauti yake ilifika mpaka jikoni ikarudi. Pampu iliendelea kunguruma. Alibaki ameshika pazia, mdomo wazi, akingoja mlio wa kandambili, na ulipokosa kuja alivuta kile kigoda cha Karani cha kushonea akakaa. Shuka lilikuwa bado begani. Vipele vya mkononi vikaanza kumwasha, akajikuna, akaendelea kujikuna. Alikaa hivyo mpaka shuka likalowa upande mmoja.

Baadaye akalichukua daftari, akafungua ukurasa wa saba. Kalamu hakuiona, akatumia penseli ya dobi. Mkono wake haujazoea maneno, hivyo aliyaandika makubwa, yaliyotengana kama alama za kola: *Maji ya kuongeza yasiwe na chumvi. Pima tangi, usipime ndoo. Wameingia leo, mkubwa kwanza.*

Alikuwa bado na jambo la kuongeza, akawa anatafuta linavyoandikwa, mlango ulipobishwa. Alikuwa mteja wa mashuka.

"Dobi, upo?"

Dobi hakuinuka.

"Nipo," akasema. "Subiri kidogo."