Bonde Ndani ya Mitungi

Mwanaheri binti Nassibu, wa Mtoni kule Temeke, alikuwa mtu wa mpunga kama wenziwe, enzi za Mwingereza. Kilichomtenga nao ni mwanzi. Wenziwe wakipumzika palizi, yeye huuzamisha ule mwanzi mtupu katika maji ya bonde, akatega sikio upande wa juu. Kambale wakikoroma, tope likicheua, kaa wakigonga mashimoni mwao, yote akiyapata.

Aliyemfundisha ni mama mkwe wake, Bi Siwema. Sasa Bi Siwema miguu imekufa, hatoki kitandani, na watu wa kuua mbu wamekwisha kata mifereji ya kutoa maji, bonde linakauka. Kila kukicha bibi yule swali lake ni lile lile:

"Mwanaheri, kambale wangu wanasemaje?"

"Wanakusalimu, mama."

Salamu gani! Kambale walikwisha kwenda zao. Uongo ule ukamchoma Mwanaheri, akaazimia: bonde lisikike tena masikioni mwa mama kabla hajafumba macho.

Akaifukia mitungi mitatu uani, chini ya dirisha la mgonjwa, ikabaki midomo tu. Mmoja akautia maji tele, wa pili nusu, wa tatu kidogo. Akapuliza mwanzi majini, akazamisha kibuyu kikatoa mapovu. Jirani yao Albano, mchonga vinyago na mtani wake, akachungulia juu ya ua.

"Shemeji, tumbo limekuchafuka?"

"Limechafuka kwa kukuona wewe. Pita!"

Lakini kutoka ndani Bi Siwema akauliza, "Nani huyo anaosha vyombo?"

Mwanaheri akakaa chini. Akaitazama mitungi yake, inavyong'aa mpaka ndani. Alikuwa ameisugua kwa mchanga na majivu, kama alivyolelewa, kisha akaitia maji ya kisima. Malezi mema yalimponza. Bonde gani limewahi kuwa safi?

Akashuka bondeni, palipobaki na unyevu, akachota tope zito pamoja na mizizi yake, akajitwika. Akalitia ndani ya kila mtungi, likatuama chini. Albano hakuitwa, lakini alipomwona amerudi na tope hadi nyusi, akaijua nia yake, akaingia na vipande viwili vya mpingo.

"Kaa wako hawana mgongaji," akasema.

Alasiri ile wakaanza. Mwanzi ukakoroma, safari hii kwa sauti nzito, ya kutoka chini. Kibuyu kikacheua tope. Mpingo ukagonga, ukanyamaza, ukagonga tena. Mwanaheri hakustahimili kungoja, akainuka kuchungulia dirishani.

Bi Siwema alikuwa amefumba macho. Mkono wake unaivuta kanga juu, taratibu, mpaka magotini, kama wafanyavyo wanawake wanapoingia majini ili isilowe.

"Usinisimamie hapo," akanong'ona. "Utawakimbiza."

Mwanaheri akarudi kwenye mitungi, akamwashiria Albano agonge.