Kisima Chetu Kilipoingia Chumvi

Kwa nini maji ya kisima chetu yalikuwa matamu, na bahari ilikuwa hatua chache tu kutoka mlangoni? Nilimuuliza kila mtu mzima wa Langoni, mtaa wetu kisiwani. Bibi alisema Mungu ndiye aliyetaka, basi. Sikuridhika, na mpaka leo harufu ya kamba ya kisima, ya makumbi ya nazi, iliyolowa hunirudishia wasiwasi wa wiki ile.

Ilikuwa miaka ya sitini, wakati wa kiangazi, na siku sita zilibaki mama mdogo Zainabu aolewe. Maji ya kupikia na ya wageni yalihitajika mengi. Bibi alituruhusu kuteka asubuhi tu, kwa kata ndogo ya kifuu, kisha akakifunika kisima kipumzike. Niliona upuuzi. Kisima si punda, kinapumzikia nini?

"Mjomba," nilimwambia mjomba Athmani, "mbona hatutimbi zaidi? Mai yako tini."

"Skuli imemfungua mato huyu," akacheka, akashuka kisimani na sururu, akachimba chini zaidi.

Maji yakaja tele. Tukateka kutwa kwa ndoo kubwa, nyumba nzima ikinisifu. Bibi peke yake aliendelea kuteka kwa kata yake.

Siku ya tatu alionja chai, akaweka kikombe chini taratibu. "Mai haya yana munyu."

Chumvi, katika kisima nilichotaka kichimbwe! Kila aliyeonja baada yake nilimtazama mdomo, nikitumaini bibi amekosea. Majirani wakatuletea mitungi kutoka visima vyao, ulimi nao hawakuuacha nyumbani. "Bwana arusi akinawa hapa, atadhani amekaribishwa baharini," mmoja alisema. Zainabu alicheka nao, lakini mimi hakunitazama.

Arusi ilipita kwa maji ya kuomba. Kisima hakikupona mwaka ule, wala uliofuata. Bibi aliponikuta nimejiinamia ukingoni, alinishika bega. "Si wewe, mwanangu. Ni kadari." Nilitaka sana kumwamini, na nikashindwa.

Miaka mingi baadaye, nikiwa chuo kikuu, mwalimu wa jiografia alichora kisiwa kidogo ubaoni. Chini ya mchanga, alisema, maji ya mvua huelea juu ya maji ya bahari kwa kuwa ni mepesi zaidi, kama mafuta juu ya mchuzi. Na ukiyapunguza shibiri moja kwa juu, ya chumvi hupanda kutoka chini karibu shibiri arobaini. Nikaikumbuka sururu ya mjomba, na kata ndogo ya bibi.