Jembe la Evarista Lilivyopiga Kura

Haya ninayosimulia hakuna atakayeyaamini, na mimi sibembelezi mtu. Nimeshasimulia mambo ya kweli tupu pale Ruaha Mbuyuni, kwenye vibanda vya vitunguu kando ya barabara kuu, watu wakaagiza soda nyingine ili wapate nguvu ya kucheka. Lakini hili la jembe kupiga kura ni la kweli, na mwenye jembe ni mpwa wangu Evarista. Huyu hapa, anakata majani ya vitunguu wakati naandika, anajifanya hasikii. Vitunguu vyenyewe vidogo kama kete za bao.

Evarista ni mtu wa mkiani. Mfereji wetu wa Lyamuhala unatoka mtoni, unapita kwanza kwa wakubwa wa juu, kisha kwa watu wa katikati, na ukishachoka ndipo unafika kwake. Wazee waliouchimba walilijua hilo. Wakaweka sheria ambayo hata mlevi anaikumbuka: Jumatatu na Alhamisi hakuna wa juu kugusa maji, yanashuka yote mkiani. Kwa sheria hiyo Evarista alizika mume, akasomesha binti, akaezeka bati. Hakuwahi kuishukuru. Nani anaishukuru Alhamisi?

Siku nyingine zamu hupangwa kwa majembe. Unalaza jembe lako kwenye mstari pale kwenye geti la maji, unakwenda zako. Mstari ukisogea, jirani analisukuma kwa mguu. Mtu anaweza kwenda msibani Mafinga, akarudi akakuta jembe lake limemtangulia. Sisi Wahehe tunagombana kwa mengi, lakini hajazaliwa wa kuruka jembe la mwenzake. Jembe la mtu ni mtu.

Basi likaja tangazo. Wakatoliki walisomewa baada ya misa, Walutheri wakasomewa baada ya ibada, kwa hiyo hakuna dhehebu lenye udhuru. Mwenyekiti wa mfereji, Kasian, ambaye shamba lake ni la pili kutoka mtoni, alikuwa anaita wanachama wote wajadili zamu ya mkiani: ibaki au iondolewe. Evarista alilisikia tangazo akiwa kwenye benchi la tatu, miwani usoni. Lakini binti yake Goodness alikuwa amejifungua Mbeya na alihitaji mtu wa kumkanda. Akajiambia kwamba watu wapo wengi, mkono wake mmoja utaongeza nini. Asubuhi ya siku ya mkutano akalaza jembe mstarini ili akirudi akute zamu yake, akapanda basi. Basi la kesho yake nalo lilikuwepo. Hilo nalisema mimi, yeye halisemi.

Na wenzake wengi wa mkiani walifikiri vivyo hivyo. Siku ya mkutano ilikuwa siku ya mnada, nao wakalaza majembe wakaenda kununua mbuzi. Waliofika getini hawakutosha hata kuanza kikao. Kasian akawatazama. Akatazama mfereji. Halafu akatazama ule mstari mrefu wa majembe, na hapo ndipo shetani alipomkonyeza.

Akauliza kwa upole: jembe la mtu ni mtu, au siyo? Wakajibu ndiyo. Akauliza kama kwenye maji tunalihesabu, kwenye kura tulikatae kwa sababu gani. Desturi ilikuwa yetu wenyewe. Akasema wanaotaka zamu ya mkiani iondolewe wasimame upande wa geti, wanaokataa wavuke ng'ambo. Majembe, kama mnavyoyajua, hayavuki. Yalikuwa upande wa geti tangu asubuhi, na mengi yalikuwa ya watu wa mkiani, kwa sababu wao ndio wenye kusubiri kuliko wote. Yakahesabiwa moja moja, mpini kwa mpini. Zamu ya mkiani ikafa mchana kweupe, imeuawa na majembe yaliyokuwa yanaisubiri.

Evarista aliporudi kutoka Mbeya, nguo bado zinanukia poda ya mtoto, alikuta ncha za vitunguu zimeungua. Vilikuwa ndiyo kwanza vinaanza kuweka vichwa, na hapo kitunguu ni kama mama mzazi, ukikinyima maji hakikusamehe. Jumatatu ikaja kavu. Alhamisi ikaja kavu. Akapanda juu kwa Kasian.

Alimkuta amesimama ndani ya maji hadi kwenye kifundo, anayaelekeza kwenye vijaruba vyake. Wakasalimiana kamwene kwa adabu zote, wakaulizana hali ya mzazi na mtoto. Kisha Evarista akamwomba arudishe Alhamisi, walau moja.

"Mama Goodness, mimi nani wa kurudisha?" Kasian akasema. "Wengi wameamua. Hii ndiyo demokrasia, na wewe mwenyewe umo."

"Mimi nilikuwa Mbeya."

"Jembe lako lilikuwepo. Tena lilikuwa la tano, lenye mpini wa mpera. Nililihesabu kwa mkono wangu."

Alisema bila kejeli hata chembe, na hiyo ndiyo iliyomuuma. Angemtukana, angepata pa kushika. Akashuka mguu mosi mguu pili, akaingia kwa mwalimu Joachim, mstaafu aliyefundisha uraia miaka mingi, naye shamba lake liko mkiani, linapakana na la Evarista. Mwalimu alikuwa na hasira ya kisomi. Akatoa kitambulisho cha taifa mfukoni, akamwonyesha kwa kidole.

"Imeandikwa nini hapa? Jamhuri. Soma mwenyewe. Imeandikwa demokrasia mahali?"

Akamweleza kwamba wengi kuamua ni jambo jema, lakini jamhuri ina vitu ambavyo hata wengi hawavigusi kwa kunyoosha mikono. Bila hivyo, fisi watano na mbuzi mmoja watapiga kura juu ya chakula cha jioni, na kura itakuwa halali kabisa. Zamu ya mkiani ilikuwa kitu cha namna hiyo, ndiyo maana wazee waliiita sheria, hawakuiita maoni. Evarista alimsikiliza hadi mwisho. Mjomba wake nimeishia darasa la saba, tena nikitokea dirishani, lakini hata mimi ningelielewa somo hilo.

"Sasa mwalimu," akasema, "siku ile uliwaambia haya?"

"Niliwaambia nusu. Walipoanza kuhesabu majembe nikasusa, nikatoka."

"Ukaenda wapi?"

Mwalimu akakirudisha kitambulisho mfukoni. Alikuwa amekwenda nyumbani kulala. Kwa hiyo mjinga alituma jembe, msomi akatuma hasira, na Kasian akaja mwenyewe kwa miguu yake. Semeni ninyi nani alistahili kushinda.

Lakini wakajipanga. Mwalimu aliwapitia watu wa mkiani nyumba kwa nyumba hadi Kasian akalazimika kuitisha mkutano wa pili. Safari hii hakuna jembe wala mnada, watu wenyewe. Watu wa katikati walikuwa wanayumba. Mwalimu alisema yeye ataeleza sheria, lakini wa kuwaingia moyoni ni Evarista, mjane ambaye kila mtu alimjua. Akisimama yeye, wa katikati watasimama. Akikaa, basi tena. Evarista akakubali kwamba atasimama.

Asubuhi ya mkutano alikuta maji shambani kwake. Kwake peke yake. Kwa mwalimu hapo jirani vumbi lilikuwa vilevile. Nani aliyafungua huko juu, msiniulize, na yeye hakuuliza. Alivua ndala, akayaelekeza jaruba kwa jaruba, akakaa anasikiliza ardhi inavyoyanywa. Kisha akajifunga khanga, akaenda mkutanoni na matope miguuni.

Na hapo ndipo mngemwona mpwa wangu, damu yangu hiyo. Kasian aliuliza nani anataka zamu ya mkiani irudi, na Evarista akainuka kama mnazi. Akamwambia usoni, mwenyekiti, nchi hii ni jamhuri, na maji ya leo uliyoniletea ni hongo, yachukue. Watu wa katikati wakasimama wote kwa mpigo, wengine wanalia, na Kasian akarudi kinyumenyume mbele ya umati, akaanza kutafuta pa kushi—

"Mjomba, acha," Evarista amesema, kisu kimesimama juu ya kitunguu. "Mimi sikusimama. Alisimama mwalimu peke yake, akanitazama, nikatazama matope miguuni mwangu. Andika hivyo. Na andika kwamba maji yale hayajarudi tena."