Vyuo Viwili kwa Siku Moja

Nawaandikia ndugu zangu wa Unguja, maana mmeniuliza sana Salma atasoma wapi. Mwanangu huyu wa pekee aliitwa kwenye mahojiano na vyuo viwili vya binafsi, vyote nje kidogo ya mji mmoja mdogo, mwendo wa saa mbili kutoka Birmingham. Huko mwanafunzi hafungwi na somo moja. Anasoma falsafa, hesabu na fasihi kwa pamoja. Nafasi ni chache. Yeye aliitaka mno, nami niliitaka kumshinda, basi nikafunga duka langu la vitambaa hapa mtaani Sparkhill nikafuatana naye.

Saa moja na nusu asubuhi tulipanda treni kituo cha Acocks Green. Njia nzima nilimuusia: mbele ya mwalimu inamisha macho, jibu unaloulizwa tu, usijitape. Ndivyo nilivyolelewa, na ndivyo nilivyomlea. Salma akaitikia kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba amesikia.

Saa tatu na nusu tukawa chuo cha kwanza. Jumba la mawe, ngazi pana, na maktaba ambayo ningehamia leo hii. Bibi mmoja mwembamba ndiye aliyemhoji, nami akaniruhusu nikae nyuma. Salma alifuata wasia wangu bila kupunguza: macho kwenye zulia, majibu mafupi. Nikajipongeza kwa malezi. Tulipoaga, yule bibi aliniambia kwa upole kwamba binti haonyeshi hamu, labda mimi ndiye ninayemsukuma. Uso uliniwaka. Salma husoma hata anaposukwa nywele.

Adhuhuri tulikaa kituo cha basi na sambusa zetu, hakuna aliyekuwa na njaa.

"Kosa ni langu, mwanangu," nikamwambia. "Huku ukiinama wanadhani huna la kusema. Huyo wa pili mtazame usoni. Akikosea, mbishie."

"Nimbishie mwalimu? Mama, una hakika?" akauliza kwa Kiingereza chake.

"Radhi zangu unazo."

Saa nane, chuo cha pili. Matofali mekundu, paa lenye viraka, maktaba ndogo kuliko duka langu. Nilivunjika moyo kidogo. Mwalimu, mzee mnene mwenye sweta lililochakaa, alimwambia Salma kwamba mtu mtiifu huwa hafikiri. Mtoto akainua uso. Akasema yeye asubuhi ile alimtii mama yake na ikamponza, na bado atamtii, ila sasa atauliza kwanza sababu. Je, huko si kufikiri? Mzee akaweka kalamu chini, wakabishana nusu saa nzima. Mimi huko nyuma nilijawa na fahari hadi machozi yakanitoka. Kabla hatujaondoka alimwambia nafasi ni yake akiitaka.

Jioni, kwenye treni ya kurudi, roho yangu ilikuwa bado kwenye lile jumba la mawe. Nikamwambia Salma tuwaombe wale wa kwanza wamhoji tena, maana picha ya mahali kama pale ingependeza hata kuwatumia ninyi huko nyumbani.

Akanigeukia, akanijibu kwa Kiswahili.

"Hapana, mama. Nitasoma pale waliponibishia."

Miaka kumi na minane hajawahi kunikatalia neno. Nilijua imenipasa nikasirike. Kumbe nilitamani abiria wote wa behewa lile wangejua Kiswahili, wamsikie mwanangu anavyosema hapana.